Mambo ya kuzingatia kabla ya kuchagua mradi wa utamaduni wa kukusaidia kujifunza lugha ya kigeni

Anayesoma Kihispania anaamua kujifunza kucheza tango, dansi ya Argentina. Anayesoma Kichina anaanza kuandika herufi kwa brashi. Wa tatu, anayesoma Kikorea, anajipa kazi ya kutazama tamthilia moja kila usiku. Miezi ikipita, wa kwanza anacheza vizuri, wa pili ana mwandiko wa kupendeza, wa tatu anawajua waigizaji wote kwa majina, lakini lugha iko palepale ilipokuwa. Hakuna mvivu kati yao. Kila mmoja alichagua kilichompendeza, asiulize kazi aliyoichagua inadai lugha kiasi gani.

Swali hilo ndilo la kuanza nalo. Chukua mradi unaoufikiria, uondolee lugha yote, kisha uangalie kama kazi bado inawezekana. Dansi inawezekana: unaitazama miguu ya mwalimu, unafuata. Brashi na wino vinawezekana pia kimyakimya. Mapishi ya kwenye video yanawezekana, maana macho yanatosha. Lakini jaribu kuondoa lugha katika kuigiza onyesho la tamthilia, kumhoji mtu kuhusu ujana wake, kuandaa maelezo ya picha za maonyesho, au kusikiliza mechi redioni, uone kama kuna kitakachobaki. Mfano wa redio naupenda kwa sababu mchezo ni uleule. Mechi ya kwenye televisheni inaangalika hata sauti ikiwa imezimwa. Ya redioni, usipoelewa maneno, hujui hata nani kafunga.

Kwa hiyo hulazimiki kuacha unachokipenda. Mara nyingi inatosha kukigeuza kidogo. Mpishi aache video, afuate maelezo yaliyoandikwa, kisha amweleze mtu mwingine hatua kwa hatua bila kusoma. Mwenye brashi aandike sentensi alizotunga mwenyewe. Mpenzi wa tango atafute darasa ambalo mwalimu anaeleza kila kitu kwa Kihispania, au aache miguu kwa muda ashughulikie mashairi ya nyimbo.

Hapo kwenye mashairi kuna jambo la pili la kuangalia, na ndilo wengi hulikosa: mradi utakupa lugha ya namna gani? Mashairi mengi ya tango yamejaa lunfardo, misimu ya mitaa ya Buenos Aires iliyokua kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 na kubeba maneno mengi ya wahamiaji kutoka Italia. Mtu anaweza kuyakariri kwa bidii na bado akashindwa kuulizia chumba cha hoteli. Opera za Kiitaliano nazo zina msamiati wa kishairi ambao mazungumzo ya leo yaliuacha zamani. Katuni za Kijapani zinachangamsha, ila wahusika wake wengi hujitaja na kuwaita wenzao kwa namna ambayo ukiitumia mbele ya mwalimu au mkuu wa kazi utaonekana huna adabu. Hata hadithi za watoto, ambazo kila mtu hudhani ni rahisi, zina mitego. Nyingi za Kifaransa husimuliwa kwa njeo ya wakati uliopita ambayo Wafaransa hawaitumii katika maongezi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda hajawahi kukutana nayo.

Kiarabu kinastahili kutajwa peke yake. Mwaka 1959 mwanaisimu Charles Ferguson aliandika makala mashuhuri kuhusu jamii zinazotumia namna mbili za lugha moja kwa kazi tofauti, na Kiarabu kilikuwa kati ya mifano yake mikuu. Taarifa ya habari, vitabu na hotuba huwa kwa Kiarabu sanifu. Nyumbani, sokoni na katika filamu nyingi watu huzungumza lahaja zao, na lahaja ya Misri haifanani na ya Morocco. Mtu anayesoma ili aelewe magazeti, halafu akachagua mradi wa filamu za Misri, atajikuta anajifunza vitu viwili kwa pamoja. Si vibaya, ilimradi awe ameamua hivyo mwenyewe. Wanaojifunza Kijerumani huku wakitamani mambo ya Uswisi wajiandae vilevile, maana huko nako lugha ya maongezi ni lahaja, si ile ya vitabuni.

Sisemi vitu hivi visiguswe. Kama umefika mahali unaweza kusoma gazeti bila taabu, misimu na mashairi ya kale ni starehe ya haki yako. Ila kwa anayeanza, ningeshauri mradi uwe karibu na lugha atakayoitumia kwanza, iwe ni ya kuzungumza, ya masomo au ya kazi.

Kiwango chako kinaingia hapo. Tangu Baraza la Ulaya lilipochapisha mfumo wake wa kupima ujuzi wa lugha mwaka 2001, walimu wengi hupanga wanafunzi kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na ni vizuri ujue uko wapi kwa ukweli, si kwa matumaini. Kuna pia kipimo cha haraka usichohitaji mwalimu kukifanya. Watafiti wa msamiati, Paul Nation akiwa miongoni mwao, wamekuwa wakisema kwamba ili mtu asome kwa raha bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yaliyo mbele yake, yaani neno geni lisizidi moja katika kila 50. Kwa Kiingereza, Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kufikia hapo kwenye riwaya na magazeti kunahitaji familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) 8,000 hadi 9,000, na kwa mazungumzo 6,000 hadi 7,000. Fungua kitabu au maandishi ya mradi wako, hesabu maneno 50, uone mangapi yanakushinda. Yakiwa mawili au matatu, utafika kwa msaada wa kamusi. Yakiwa kumi, utakuwa unasoma kamusi, na mradi utakufa kabla ya ukurasa wa tano.

Njia mojawapo ya kuupunguza mzigo huo ni kuufanya mradi uwe mwembamba. "Utamaduni wa Ujerumani" si mradi. Hata "muziki wa Ujerumani" bado ni mpana. Mwimbaji mmoja, nyimbo zake chache, mahojiano aliyofanya na yaliyoandikwa juu yake: hapo sasa maneno yataanza kujirudia, na kurudiwa ndiko kunakoyafanya yakae kichwani. Mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, Stephen Krashen, alilitetea wazo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa upande wa usomaji: afadhali mwanafunzi asome vingi vya mwandishi mmoja au mada moja kuliko kurukaruka. Anayerukaruka hukutana na msamiati mpya kila siku na hana nafasi ya kuonana tena na wa jana.

Sasa kuna jambo ambalo naona lina uzito kuliko yote, nalo ni kama mradi utakufanya useme au uandike. Mwaka 1965, huko Saint-Lambert katika jimbo la Quebec nchini Kanada, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walianza kufundishwa shule kwa Kifaransa kitupu, baada ya wazazi wao kushinikiza. Mpango huo ulienea nchini. Watoto wa mipango ya aina hiyo walikisikia Kifaransa kwa miaka, na wakakielewa vizuri sana. Lakini mtafiti Merrill Swain alipowachunguza waliofika darasa la sita, aliona kuwa sarufi yao wanapozungumza na kuandika ilikuwa nyuma ya wenzao waliozaliwa na lugha hiyo, ingawa katika kuelewa walikuwa wamewakaribia. Mwaka 1985 alitoa hoja kwamba kusikia na kuelewa havitoshi. Lazima mtu asukumwe kutoa lugha yake mwenyewe, kwa usahihi, mbele ya anayemsikiliza, kwa sababu hapo ndipo anapogundua asichokijua.

Ukiupima mradi kwa hoja hiyo, kazi ile ya kutazama tamthilia za Kikorea kila usiku inaanguka, hata kama lugha imejaa tele ndani yake. Isipokuwa uongeze kitu: kila baada ya sehemu moja urekodi muhtasari wa dakika mbili, au umwandikie rafiki barua kuhusu mhusika mmoja, au mwigize kipande kwa zamu. Tamthilia ya jukwaani ina sifa hii kiasili, kwa kuwa huwezi kuigiza bila kufungua kinywa, na mazoezi yanakulazimisha kurudia sentensi moja mpaka matamshi, kiimbo na hisia vikae sawa. Kama una kundi hata la watu watatu, mimi ningeanzia huko.

Je, nani atakusahihisha? Swali hili lijibiwe kabla, maana mradi wa peke yako unaweza kukukomazia makosa. Vituo vya utamaduni vinavyoendeshwa na nchi au jumuiya za wenye lugha ni mahali pazuri pa kuulizia: Alliance Française ya Kifaransa ipo tangu 1883, Goethe-Institut ya Kijerumani tangu 1951, Japan Foundation ya Kijapani tangu 1972, Instituto Cervantes ya Kihispania tangu 1991, na kazi zake zinahusu lugha na utamaduni kwa pamoja. Palipo na kituo mara nyingi pana maktaba na watu. Pasipo na kituo, mwenza wa kubadilishana lugha kwa njia ya mtandao anatosha, ilimradi mkubaliane mapema kwamba atakukatiza unapokosea. Wengi ni waungwana mno, hawasahihishi mpaka waombwe.

Upande wa vifaa, hakikisha una sauti na maandishi ya kitu kilekile. Sauti bila maandishi inamwacha anayeanza gizani, na maandishi bila sauti yanamjengea matamshi ya kubuni. Mashirika ya utangazaji Deutsche Welle kwa Kijerumani na RFI kwa Kifaransa hutoa habari zilizoandaliwa kwa ajili ya wanaojifunza, sauti pamoja na maandishi yake. Kwenye filamu chunguza kwanza kama maandishi yanayopita chini ya picha ndiyo maneno yanayosemwa. Filamu ikiwa imeingizwa sauti ya lugha nyingine, mara nyingi maandishi na sauti havilingani, kwa sababu tafsiri hizo mbili hufanywa kila moja kwa mahitaji yake.

Vya bure vina bei yake. Project Gutenberg, iliyoanza 1971, ina maandishi ya vitabu, na LibriVox ina vitabu vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea tangu 2005; lakini vingi vipo humo kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, na katika Umoja wa Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwandishi kufariki. Kwa hiyo unapata lugha ya zamani. Wakati mwingine hata tahajia imebadilika: Kirusi kilifanyiwa mageuzi ya maandishi mwaka 1918, Kijapani mwaka 1946, Kijerumani kuanzia 1996. Tafuta toleo lenye tahajia ya sasa, au ukubali usumbufu.

Watu hutafuta mawazo ya miradi kwenye orodha za UNESCO za urithi wa utamaduni usioshikika, zilizotokana na mkataba wa 2003. Tango imo tangu 2009, flamenko, muziki na dansi ya Hispania, tangu 2010. Ni mahali pazuri pa kupata wazo. Ila orodha hizo hazikutungwa kwa ajili ya mwanafunzi wa lugha, na jambo kuwamo humo halikuambii lolote kuhusu sarufi utakayoipata.

Baadhi ya mila ni za ibada, au za watu fulani tu, na wenyewe hawapendi zifanywe maonyesho ya darasani. Uliza kabla ya kuvaa vazi la watu au kuiga sherehe yao. Kuuliza kwenyewe, kwa lugha yao, ni sehemu ya mradi.

Kama mradi ni wa shule au chuo, soma vigezo vya alama kabla ya kitu kingine chochote. Kuna walimu wanaotoa alama nyingi kwa utafiti na chache kwa lugha, na kuna wanaofanya kinyume.

Mwisho, usitangaze mradi kabla hujaujaribu. Fanya kipande kimoja kidogo mpaka kiishe: shairi moja, dakika tatu za tangazo la redio, mahojiano ya maswali manne. Weka saa, na uandike ni dakika ngapi ulizitumia ndani ya lugha unayojifunza na ngapi zilikwenda kwenye lugha yako mwenyewe, ukitafuta picha, ukipamba bango au ukisoma historia kwa tafsiri. Za lugha ya kigeni zikiwa chini ya nusu, angalia ni hatua ipi iliyokula muda na uibadilishe: historia isome kwa lugha hiyo hata kama ni aya mbili tu, bango liandike kwa lugha hiyo, maswali ya kupangia kazi na wenzako yaulizwe kwa lugha hiyo. Kisha jaribu kipande cha pili kwa saa ileile. Ukiona hesabu imegoma kupanda, endelea na mradi huo kama burudani na uchague mwingine kwa ajili ya lugha.