SOMO: Pima mwenyewe mionzi ya simu, Wi-Fi na nyaya za umeme nyumbani, na ujue namba inasema nini

Wakuu, kila mnara mpya ukisimama mtaani swali ni lile lile: utatuletea kansa? Wengine wanapakua programu ya simu, wanaisogeza ukutani, namba inaruka, usiku huo kitanda kinahamishwa. Somo hili ni kwa anayetaka kupima kwa utulivu. Mimi ni fundi umeme, si daktari. Upande wa afya nitasema yaliyokwishawekwa wazi na mashirika ya kitaalamu, basi.

Tutenganishe mambo kwanza. Eksrei na mionzi ya urani ni mionzi ayonisha: ina nguvu ya kung'oa elektroni na kuharibu vinasaba. Simu, Wi-Fi, redio na nyaya za umeme hazimo kundi hilo. Athari iliyothibitika ya mawimbi ya redio ni joto, na ya uga sumaku mkubwa sana wa umeme wa kawaida wa nyumbani (50 Hz) ni kusisimua mishipa ya fahamu. Viwango vya kimataifa, vile vya ICNIRP (tume ya kimataifa ya wataalamu wa kinga dhidi ya mionzi isiyo ayonisha), vimewekwa kuzuia hayo mawili. Kwa mawimbi ya redio kinachoruhusiwa mwili mzima wa raia wa kawaida kupokea ni sehemu moja ya hamsini ya kile kinachoanza kuleta madhara.

HATUA YA 1: Jua unapima nini

Kuna uga sumaku, unaotokana na mkondo wa umeme kwenye waya. Unapimwa kwa maikrotesla, ila vipimo vingi vya bei nafuu vinasoma miligausi; miligausi 10 ni maikrotesla 1. Halafu kuna mawimbi ya redio ya simu, ruta na mnara, yanayopimwa kwa wati kwa mita ya mraba. Uga umeme nauruka, kwa sababu mwili wako na ukuta vinaupotosha kiasi kwamba kifaa cha mkononi hakitakupa namba ya kuaminika.

HATUA YA 2: Tafuta kifaa, na ufute ile programu

Programu za simu zinazojiita vipima mionzi zinatumia kihisi cha dira. Kinachosomwa pale ni sumaku tulivu ya dunia, ambayo kwetu huku karibu na ikweta ni maikrotesla 30 na kitu. Sogeza simu kwenye geti, spika au ukuta wenye nondo, namba inapanda. Ruta na mnara haivisikii hata kidogo. Wapo wanaouza "mashine za kukinga" kwa kuwaonyesha watu namba hizo hizo.

Unahitaji kipimo chenyewe. Trifield TF2 ni mfano unaojulikana: husoma uga sumaku pande zote tatu kwa pamoja, na mawimbi ya redio kuanzia 20 MHz hadi 6 GHz. Chako kikiwa cha upande mmoja tu, pima mahali pamoja mara tatu: kikiwa kimesimama, kimelala, na kimelala kwa kugeuzwa pembeni. Zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha zote tatu, tafuta kipeuo cha pili. Vifaa vya namna hii si vya maabara. Vinatosha kukuambia kubwa na dogo, havitoshi kwenda navyo mahakamani.

HATUA YA 3: Pima unapokaa saa nyingi

Kitanda, kochi, meza ya kazi, anapolala mtoto. Ukutani nyuma ya friji kunaweza kutoa namba ya kutisha, lakini nani analala nyuma ya friji? Weka kipimo pale kichwa kinapokuwa, kisha kifua. Simu yako iwe kwenye hali ya ndegeni, vinginevyo unapima mfuko wako mwenyewe. Andika mahali, umbali na saa.

Uga sumaku hufuata mkondo, si volti. Saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu utapata namba ndogo. Saa moja usiku, pasi inawaka na jirani kawasha pampu, utapata nyingine. Pima nyakati zote mbili.

HATUA YA 4: Cheza na umbali

Hapa ndipo wengi hushangaa. Vipimo vilivyowahi kuchapishwa na WHO vinaonyesha draya ya nywele, ikiwa sentimita 3 kutoka kichwani, hutoa kati ya maikrotesla 6 na 2,000 kutegemea aina. Kwenye sentimita 30 inashuka hadi kati ya 0.01 na 7. Maikrowevu hutoa 73 hadi 200 kwenye sentimita 3, na chini ya 1 ukiwa mita moja. Kwa hiyo namba isiyo na umbali usiijadili na mtu.

Kikomo cha ICNIRP kwa raia kwenye 50 Hz ni maikrotesla 200, kwa mujibu wa mwongozo wa 2010. Kuna namba nyingine utaikuta, maikrotesla 0.4. Tafiti ziliona watoto wanaoishi kwenye nyumba zenye wastani wa zaidi ya hapo wanapata leukemia (kansa ya damu) karibu mara mbili ya wengine, na ndiyo sababu IARC, shirika la WHO la utafiti wa kansa, mwaka 2002 iliuweka uga huu kundi la 2B, yaani "huenda unasababisha kansa". Kwamba uga wenyewe ndio chanzo haijathibitika. Ushauri wangu: mtoto akilala mahali penye wastani zaidi ya 0.4, sogeza kitanda. Haigharimu kitu.

HATUA YA 5: Uga ukijaa chumba kizima, mwite fundi

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupenda kipimo hiki. Ukitembea chumbani na namba haishuki ukiachana na vifaa, shuku waya. Waya wa moto na nyutro zikienda pamoja, uga wao unauana. Zikitengana, unabaki. Mara nyingi utakuta nyutro za saketi mbili zimechanganywa, au nyutro imeunganishwa na ethi mahali pasipotakiwa, mkondo unarudi kwa njia ya pili kupitia nondo au bomba la maji. Zima breka moja moja huku mwenzako akisoma namba; itakaposhuka, umepata saketi yenye tatizo. Ukizima meni swichi na namba ikabaki, inatoka nje: waya wa mtaani, transfoma au jirani.

Kasoro hiyo inaweza kumpiga mtu shoti leo, kabla hatujafika kwenye habari za kansa. Usifungue boksi mwenyewe.

HATUA YA 6: Mawimbi ya redio

Shika kipimo kwa mkono ulionyooshwa, kizungushe polepole, maana mawimbi hugonga kuta na kujikusanya sehemu sehemu. Usishike namba ya juu kabisa iliyopita kwa sekunde. Ruta hutuma kwa vipande vipande. ICNIRP katika mwongozo wa 2020 hutumia wastani wa dakika 30 kwa mwili mzima. Vikomo kwa raia: wati 4.5 kwa mita ya mraba kwenye 900 MHz, 9 kwenye 1800 MHz, na 10 kuanzia 2 GHz kwenda juu, ambako Wi-Fi iko.

Sasa hesabu. Chukua antena ya mnara inayopewa wati 20 na kuzikusanya upande mmoja mara 50. Mita 100 mbele yake, katikati ya mwale, unapata kama wati 0.008 kwa mita ya mraba. Tuseme mnara una kampuni kadhaa na masafa mengi, zidisha mara 20: 0.16. Bado uko mbali chini ya 4.5. Simu ya 4G ikituma kwa nguvu yake yote, wati 0.2, kwenye sentimita 20 inakupa kama 0.4. Ile simu mkononi inaushinda mnara unaouandamania. Na mnara ukiwa mbali, simu huongeza nguvu ili isikike.

Nguvu ya mtandao unaweza kuiangalia bure kwenye Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, kwenye hali ya laini. Inaandikwa kwa dBm: kwa 4G, -80 ni nzuri. -115 ni mbaya na simu inahangaika. Kila 10 zinaposhuka, unapokea sehemu moja ya kumi. Mahali pa namna hiyo tumia spika au waya wa masikioni, au andika ujumbe.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mnara uko juu ya ghorofa tunalopanga. Tuhame?
Chini ya antena huwa padogo, kwa sababu mwale unaelekea mbele na kuinama kidogo tu. Mara nyingi hugusa ardhi makumi hadi mamia ya mita mbele. Hatari ni kwa anayepanda juu ya paa na kusimama mbele ya antena. Kama mnaanika nguo huko juu, dai uzio na alama. Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo hupima minara. Andikeni barua kama wapangaji wote na muombe ripoti ya vipimo.

Simu inaleta kansa ya ubongo, ndiyo au hapana?
IARC iliweka mawimbi ya redio kundi la 2B mwaka 2011, kundi lenye dondoo la jani zima la mshubiri pia. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na WHO, yaliyotoka 2024, hayakukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na kansa ya ubongo. Huo ndio ushahidi uliopo.

Stika ya kuzuia mionzi nyuma ya simu inasaidia?
Hapana, mkuu. Ikiwa kweli inaziba antena, simu itaongeza nguvu. Ikiwa haizibi, umenunua urembo.

Nina saluni, draya nashika kutwa. Nifanyeje?
Dada, injini iko karibu na mkono wako, si kichwa cha mteja tu. Shika mbali na mwili, usiiegemeze kifuani. Aliyepandikizwa kifaa cha kusukuma moyo amuulize daktari wake kabla ya kuishika. Simu nayo asiweke mfuko wa kifuani. Sentimita 15 ndiyo kawaida inayoshauriwa.

Mlango wa maikrowevu yangu umelegea. Nimeweka simu ndani, nikaipigia, ikaita. Inavuja?
Jaribio hilo halisemi chochote. Simu inasikia mawimbi madogo mno, na masafa yake mengi si yale ya 2.45 GHz ya maikrowevu. Kikomo kinachotumiwa Marekani kwa kuvuja ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, sentimita 5 kutoka kwenye mlango. Lakini kwa mlango uliolegea sihitaji kipimo: usiiwashe mpaka itengenezwe.

Mimi kichwa kinauma nikikaa karibu na ruta. Mnasema najidanganya?
Hapana, maumivu ni ya kweli, hata WHO inasema hivyo. Swali ni kama ruta ndiyo chanzo. Ifunike kwa kitambaa ili usione taa zake, na simu yako iwe kwenye hali ya ndegeni. Mwenzako arushe sarafu kila jioni, aiwashe au aizime bila kukuambia. Wewe andika kichwa kinauma au la, kwa wiki tatu, ndipo mlinganishe. Tafiti za namna hiyo zimeonyesha watu hawatambui ikiwa imewashwa. Kama wewe unatambua, leta daftari hapa tulione. Kama hutambui, kapime macho na presha.