Kabla hujabonyeza "Ruhusu" kwenye programu ya mkopo

Wengi wetu hapa Tanga tukitaka mkopo wa simu tunauliza riba na siku za kulipa, basi. Ile skrini inayoomba ruhusa ya kusoma majina na namba ulizohifadhi, meseji na mahali ulipo tunaipita haraka kwa sababu shida imebana. Mimi naona hapo ndipo pa kusimama kwanza, maana unaanza kulipa kabla hata pesa haijaingia.

Kampuni haina haja na siri zako, inatafuta mazoea. Chukua mama anayekaanga samaki Makorora. Alfajiri simu yake iko Deep Sea boti zinaposhusha, saa nne iko soko la Mgandini, jioni iko pembeni ya karai, usiku inalala nyumba ileile. Meseji za miamala zinaonyesha pesa inaingia lini, salio linabaki mia tano lini, nani humtumia na nani humwomba. Taarifa hizo zikilinganishwa na za maelfu ya wakopaji ambao tayari inajulikana nani alilipa na nani alikimbia, kompyuta inampa alama: atalipa au hatalipa, apewe kiasi gani, na tangazo la mkopo limfikie siku gani ili asiweze kukataa. Hakuna mtu aliyekaa kumfikiria. Ni hesabu tu.

Wala usijifariji kwamba hukuandika jina. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchambuzi wa nyendo za simu za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya, majina yakiwa yameondolewa. Sehemu nne tu alizopita mtu, pamoja na saa zake, zilitosha kumpambanua katika asilimia 95 ya kesi.

Kwa hiyo kabla ya kupakua, angalia kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Angalia pia programu imekujia kwa njia gani. Tangu mwisho wa Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store kusoma namba alizohifadhi mteja na picha zake. Kama umetumiwa linki kwenye grupu la WhatsApp uipakue pembeni, jiulize kwa nini inakwepa mlango huo.

Ruhusa ya majina ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ukichelewa kulipa, mkopeshaji asiye na haya huwatumia meseji mjomba aliyeko Muheza, mwalimu wa mtoto, mweka hazina wa kikoba, wote wakiambiwa wewe ni tapeli. Na namba zile hazikuwa zako peke yako, wenyewe hawakuulizwa. Kataa. Programu ikigoma kufungua kwa sababu hiyo, iache.

Mahali ulipo, kama lazima, ruhusu wakati unatumia programu tu, si saa zote. Kwa ulizokwisha kupakua, ingia Mipangilio, kisha Ruhusa, upunguze moja moja. Ni kazi ya dakika chache ukiwa unasubiri abiria au chai. Ila kufuta programu hakufuti kilichokwisha kuchukuliwa.

Kwa hicho kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inakupa haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zako, kuikataza isizitumie kukutangazia biashara, na kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Omba kwa maandishi. Wakikaidi, malalamiko yanapokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo siku ile ile unayokopa piga picha ya skrini yenye masharti na ile ya ruhusa, uzihifadhi nje ya simu hiyo.