Namna ya kutenga histoni unganishi kutoka kwenye damu na ini la kuku

Histoni ni protini ambazo DNA hujizungusha juu yake ndani ya kiini cha seli. Histoni unganishi, yaani H1 na jamaa zake, hukaa pale uzi wa DNA unapoingia na kutoka kwenye nyukleosomu. Nyukleosomu yenyewe ni kishada cha histoni nyingine, ziitwazo histoni za kitovu, kinachozungushiwa DNA yenye urefu wa jozi za besi 147 hivi; H1 ikishika mahali pake, urefu unaolindwa hufika takriban 166, na nyukleosomu jirani husogeleana. Kwa hiyo anayetaka kusema lolote kuhusu mpangilio wa kromatini (DNA pamoja na protini zake), au kuhusu nyukleoli (sehemu ya kiini inakoundwa ribosomu) na kromatini iliyosongamana inayoizunguka, anapaswa kwanza kujua viini vyake vimebeba histoni hizi kwa kiasi gani. Kuku mmoja anatosha kujifunzia kipimo hicho, kwa kuwa chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini, na kiini hicho kimejaa H5, histoni unganishi ambayo seli za ini la kuku huyohuyo hazina.

Hatua ya 1: Andaa bafa (mmumunyo unaotunza pH) na asidi. Bafa ya viini iwe na Tris 15 mM (pH 7.5), KCl 60 mM, NaCl 15 mM, MgCl₂ 3 mM, sukrosi 0.34 M na Triton X-100 asilimia 0.5. PMSF, kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata protini, iongezwe dakika za mwisho, kwa sababu huharibika upesi majini, na usiiache kamwe: mikia ya H1 haina umbo thabiti, hivyo vimeng'enya vinavyokata protini huishambulia mapema kuliko histoni nyingine. Asidi ya perkloriki ya asilimia 5 hupatikana kwa kumimina mililita 4.3 za asidi ya asilimia 70 ndani ya maji baridi na kujaza hadi mililita 100. Asidi ndiyo iingie majini, si maji kwenye asidi. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kuvuta hewa, usiipashe moto, wala usiiache ikauke juu ya mbao, karatasi au kitambaa, kwa maana mabaki yake makavu yakikutana na vitu vya aina hiyo yanaweza kulipuka.

Hatua ya 2: Pata viini vya damu. Kinga damu machinjioni kwenye chupa yenye heparini au sitrati, uiweke katika barafu mara moja. Zungusha kwenye mashine ya sentrifuji, ondoa plazma pamoja na utando mweupe wa seli nyeupe ulio juu ya chembe nyekundu, kisha osha chembe hizo kwa maji ya chumvi baridi. Zichanganye na bafa ya viini, ziache dakika 10 katika barafu, na zungusha kwa 1,500 g (nguvu mara 1,500 ya uvutano wa dunia) kwa dakika nyingine 10. Mashapo ya kwanza huwa mekundu, yanayofuata ya waridi. Rudia kuosha mpaka yawe meupe, kwani wekundu uliosalia ni hemoglobini, nayo itakuchafulia kipimo.

Hatua ya 3: Pata viini vya ini. Sukuma maji ya chumvi baridi kupitia mshipa mkubwa wa ini hadi lipauke, kisha likatekate, lisage kwa kinu cha kioo ndani ya bafa hiyohiyo, na chuja kwa tabaka kadhaa za shashi. Baada ya hapo endelea kama ulivyofanya kwa damu. Usipunguze muda wa kuosha ini, maana damu iliyobaki ndani yake italeta H5 mahali isipostahili kuwapo.

Hatua ya 4: Toa histoni. Gawa viini vya kila tishu katika mirija miwili. Mrija wa kwanza upate asidi ya perkloriki, ambamo H1 na H5 huyeyuka ilhali histoni za kitovu cha nyukleosomu hubaki kwenye mashapo. Wa pili upate asidi ya salfuriki 0.2 M, inayotoa histoni zote kwa pamoja. Mirija yote ikae katika barafu kwa saa moja ikitikiswa mara kwa mara, kisha izungushwe kwa 14,000 g kwa dakika 10. Chukua kimiminiko cha juu.

Hatua ya 5: Zitenganishe histoni na kimiminiko, kisha uzikaushe. Kwa kila sehemu tatu za kimiminiko ongeza sehemu moja ya asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 100, acha katika barafu usiku kucha, halafu zungusha tena. Hapa ndipo wengi hupoteza sampuli, kwa sababu histoni hazikusanyiki chini kama donge. Hutanda ukutani mwa mrija kama utando mwembamba unaong'aa, usioonekana ila ukiuelekeza mrija kwenye mwanga. Weka alama upande uliotazama nje ya mashine, kisha osha ukuta huo kwa asetoni yenye HCl asilimia 0.1, na mara mbili kwa asetoni tupu. Taka za asetoni zisikutane katika chombo kimoja na taka za asidi ya perkloriki. Utando ukikauka, uyeyushe kwa maji kidogo huku ukiupitisha ukutani kote.

Usipime H1 kwa mwanga wa nanomita 280. Haina triptofani, na kwa kawaida ina tirosini moja tu, hivyo utadhani mrija hauna kitu. Tumia nanomita 230.

Hatua ya 6: Soma jeli. Tumia jeli ya poliakrilamidi ya asilimia 15 yenye SDS (sabuni inayokunjua protini). H1 ina uzito wa kilodaltoni 21 hivi, lakini kwa wingi wa lisini zake hutembea polepole na kuonekana juu ya alama ya kilodaltoni 30. H5 huonekana chini yake kidogo, na histoni za kitovu ziko chini kabisa, kati ya 11 na 17. Mrija wa perkloriki unakuonyesha histoni unganishi zipi zipo, lakini hauwezi kukupa uwiano. Uwiano usome kwenye mrija wa salfuriki, ukilinganisha mistari ya H1 na H5 na ule wa H4, mojawapo ya histoni za kitovu, katika njia hiyohiyo ya jeli. Vipimo vilivyochapishwa ni takriban molekuli 1.3 za histoni unganishi kwa kila nyukleosomu katika chembe nyekundu za kuku, na 0.8 katika ini. Ukiona H5 dhahiri kwenye ini, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 7: Tumia matokeo kwa nyukleoli. Chagua viini vya ini, kwa maana chembe nyekundu iliyokomaa imekaribia kunyamazisha jeni zake zote, za RNA ya ribosomu zikiwemo. NaCl 0.6 M huondoa H1 na kuacha histoni za kitovu zikiwa zimeshika DNA. Viini huvimba na mchanganyiko huwa mzito kama ute. Chumvi hiyo huondoa pia protini nyingine nyingi, kwa hiyo badiliko la nyukleoli litakaloonekana kwa darubini halitoshi kuihukumu H1 mpaka uirudishe ikiwa safi na kuona kama umbo linarejea. Kumbuka vilevile kwamba, kama majaribio ya mwaka 2000 kwenye seli hai yalivyoonyesha, molekuli moja ya H1 hukaa mahali pamoja kwa dakika chache tu kabla ya kuhama, na kwamba nyukleofosmini, protini iliyojaa kwenye nyukleoli, inaweza kuibeba H1 na kuiweka kwenye kromatini. Mng'ao wa H1 unaoonekana kwa darubini ndani ya nyukleoli unaweza basi kuwa wa H1 iliyobebwa na protini, isiyogusa DNA kabisa. Ili kutofautisha hali hizo mbili, fanya kipimo cha kunasa kromatini kwa kingamwili ya H1 kwenye jeni za RNA ya ribosomu, ukitumia viini vilevile ulivyovipimia uwiano.