Okidi Nondo na Kosa la Konzi Moja ya Udongo

Wapenzi wengi wa maua wameshaelewa kwamba okidi nondo, ile Phalaenopsis inayokaa dirishani, haipandwi kwenye udongo wa bustani. Magome yananunuliwa na vyungu vyenye matundu vinatafutwa. Kosa linaloendelea kuua mimea ni jingine. Mtu anachukua magome mazuri kabisa, kisha anatupia konzi mbili za udongo mweusi au mboji "ili mmea upate chakula kidogo". Konzi hizo ndizo zinazoua, na haziui wiki hiyo hiyo. Mmea unakaa miezi mitatu, minne, majani ya chini yanaanza kulegea na kukunjamana, mwenyewe anadhani una kiu, anaongeza maji, na hapo anaumaliza.

Nimesema konzi mbili, lakini hata moja inatosha kuharibu.

Okidi hii kwa asili haikai ardhini. Katika misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, hadi kaskazini mwa Australia, inashika gome la mti, majani yananing'inia na mizizi inatambaa nje hadharani. Mvua ikinyesha mizizi inalowa kwa dakika chache, upepo ukipita inakauka. Kila mzizi umevikwa tabaka nene la seli zilizokufa liitwalo velameni, na kazi yake ni kuyanyonya maji upesi yanapopatikana. Tabaka hilo likiwa kavu huwa jeupe la kifedha. Likilowa huwa angavu, na ukijani wa ndani unaonekana. Mzizi wa namna hii unavumilia kiu ya siku kadhaa. Usichovumilia ni kukaa umelowa bila hewa: seli hai za ndani zinakosa oksijeni na kufa, halafu ukungu na bakteria wanaingia kumalizia. Kwa hiyo kinachouoza mzizi hasa ni kukosa hewa.

Sasa angalia udongo unafanya nini ndani ya magome. Vipande vya gome vya milimita 12 vikikaa pamoja vinaacha nafasi kubwa kati yao. Nafasi hizo haziwezi kushika maji, maji yanashuka na hewa inaingia nyuma yake. Ukimwaga udongo, haukai juu. Unateremka na kujaza nafasi zile zile, kama mchanga ndani ya ndoo ya kokoto. Vinyweleo vya udongo ni vidogo, vinayang'ang'ania maji, na yanayobaki hukusanyika chini ya chungu hata kama tundu liko wazi. Ndiyo maana kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu hakusaidii: ule ukanda wa maji hauondoki, unapanda tu juu ya kokoto na kusogea karibu zaidi na mizizi.

Asiyeamini apime mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Chukua chungu cha lita 1 na uzibe matundu yake kwa utepe usiopitisha maji. Jaza magome yaliyokwisha kulowekwa hadi ukingoni. Mimina maji taratibu mpaka yang'ae juu, subiri dakika chache mapovu yatoke, ongeza kidogo panapopungua. Kisha weka beseni chini, toa utepe, acha maji yashuke kwa dakika 10, na uyapime. Maji yaliyotoka ndiyo kipimo cha hewa itakayobaki kwenye chungu baada ya kila umwagiliaji. Kwa okidi nondo nataka yasipungue mililita 300, na magome mazuri yatakupa zaidi ya hapo. Rudia na magome yale yale baada ya kuchanganya konzi mbili za udongo. Utaona kiasi kinavyoshuka, na hiyo ni siku ya kwanza kabla udongo haujashindiliwa na maji ya wiki nyingi.

Najua fikra hii inatoka wapi. Wapo waliolima vanila, na vanila nayo ni okidi, na shambani inatandaziwa majani na mboji ikastawi. Ni kweli. Lakini vanila ina mizizi ya chini inayotafuta mboji juu ya ardhi, na shamba si chungu cha sentimita 12. Shamba lina kina, lina minyoo, na maji yana mahali pa kwenda. Usiuchukue utaratibu wa vanila ukaupeleka dirishani.

Na hicho chakula kinachosingiziwa? Konzi ya udongo ndani ya chungu haiipi okidi chochote cha maana. Chakula chake kinapita ndani ya maji. Tumia mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kila mwagilio wa pili wakati mmea unakua, na mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi ili chumvi zioshwe. Anayetumia magome achague mbolea yenye naitrojeni ya kutosha, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha magome navyo vinaila naitrojeni hiyo. Samadi hapana, ya kuku wala ya ng'ombe, hata ikiwa imeiva.

Mchanganyiko wenyewe ni huu: sehemu 5 za magome ya msonobari, sehemu 1 ya mkaa wa kuni na sehemu 1 ya perlaiti, yale mawe meupe mepesi yaliyoumuka kwa moto, yenye punje kubwa. Pima kwa kikombe kimoja hicho hicho, usikadirie kwa macho. Magome yawe ya milimita 10 hadi 15 kwa mmea mkubwa ulio kwenye chungu cha sentimita 12 hadi 15. Kwa mche ulio kwenye chungu kisichozidi sentimita 8, tumia ya milimita 5 hadi 8. Usichanganye saizi hizo mbili, maana ndogo itaingia kati ya kubwa na utakuwa umerudi kwenye udongo kwa njia nyingine. Mkaa uwe wa kuni na uvunjwe kwa ukubwa ule ule. Ule wa kufinyangwa una viungio vyake, uache.

Kila kitu kipite kwenye chekeche la matundu ya milimita 5, mkaa pia. Kinachopita chini kitupwe kwenye vitanda vya mboga, kisirudi chunguni. Hapa wengi wananiudhi: mtu ananunua mfuko mzuri, halafu anaumimina wote mpaka ule unga wa chini kabisa ili asipoteze. Unga ule ni udongo uliojificha! Usimimine mfuko mpaka mwisho.

Baada ya kuchekecha, loweka magome saa 24. Gome kavu linakataa maji. Ukilipanda kavu, kila unapomwagilia maji yanapita pembeni na mizizi inabaki na kiu huku ukidhani umeinywesha. Chuja, acha yadondoshe maji kwa saa 1, ndipo upande. Anayetumia vipande vya makumbi ya nazi badala ya magome aviloweke saa 24 pia, na abadilishe maji mara 3, kwa sababu makumbi hubeba chumvi. Nasema vipande. Vumbi la makumbi, lile laini linalouzwa likiwa limeshindiliwa mabonge, lina kosa lile lile la udongo.

Sfagnamu, ule mmea laini wa majimaji unaouzwa ukiwa umekaushwa, inafaa kwa mwenye nyumba ya hewa kavu au anayesahau kumwagilia. Anayemwagilia mara kwa mara aiache. Iwe kwenye chungu kisichozidi sentimita 10, isishindiliwe, na ibadilishwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Chungu kichaguliwe kwa mizizi. Majani yasikudanganye. Kati ya mizizi na ukuta wa chungu ibaki sentimita 2 au 3 tu. Chungu kikubwa kinabaki na maji katikati mahali ambapo hakuna mzizi wa kuyanywa. Chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani ni bora, kwa kuwa utaisoma mizizi bila kuichimbua: ya kifedha, mwagilia, ya kijani, subiri siku nyingine. Kikikaa ndani ya chungu cha urembo, maji yaliyotuama yamwagwe kabla dakika 15 hazijapita.

Wakati wa kuhamisha ni maua yakishaanguka na ncha mpya za mizizi zikianza kutoka. Mmea ulio kwenye maua usiuguse. Isipokuwa mmoja: ule ambao tayari una udongo. Huo usisubiri maua, uhamishe leo.

Utoe wote, osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu mpaka usione punje ya udongo. Chunguza katikati, chini ya shingo, pale majani yanapokutana na mizizi; mara nyingi kuna kidonge cha sfagnamu au mboji kilichobaki tangu kitaluni, nacho hakikauki. Kitoe chote. Kisha bonyeza mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Mzima ni mgumu. Uliooza unabonyea, unatoa maji ya kahawia, na ukiuvuta ganda la nje linavuka na kuacha uzi mwembamba mkononi. Huo kata hadi unapokutana na sehemu ngumu, kwa mkasi uliopitishwa kwenye moto ukapoa, na uupitishe tena kabla ya kugusa mmea mwingine, kwa sababu virusi vya okidi husafiri kwenye mkasi. Ikiwa zaidi ya nusu ya mizizi imekwenda, kata na kikonyo cha maua pia. Mmea hauwezi kulisha vyote viwili.

Pandikiza shingo ikiwa sawa na uso wa magome, isizikwe. Gonga chungu mezani ili vipande vishuke kati ya mizizi. Usikandamize kwa dole gumba. Magome yameshalowa, kwa hiyo usimwagilie kwa siku 3 hadi 5 ili majeraha yakauke. Weka mahali penye kivuli chepesi. Baada ya hapo mwagilia asubuhi, ukitumbukiza chungu ndani ya maji kwa dakika 10, maji yasifike kwenye moyo wa majani, halafu ukiache kidondoshe. Ukiona ncha za mizizi za kijani na jani jipya lililosimama, umefaulu.

Magome nayo yanazeeka. Ndani ya miezi 18 hadi 24 yanaoza, yanakuwa laini na kuvunjika kuwa unga, na chungu ulichokitayarisha vizuri kinajaa udongo ambao hakuna mtu aliyeuweka. Chukua kipande kutoka chini ya chungu, si cha juu kwani cha juu hukauka na kudumu, ukifinye kati ya vidole. Kikipondeka, badilisha vyote. Siku ya kupanda andika tarehe kwenye utepe na uubandike kwenye chungu, kwa kalamu isiyofutika kwa maji.