Kukokota chambo Ziwa Nyasa: namna ya kumfuata mbasa mkubwa ukianzia Matema

Vijana wengi wa Mbeya wanaoanza uvuvi wa fimbo na rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi) siku hizi wanajifunzia YouTube, na huko wanachokiona ni Wamarekani na Wakanada wanakokota chambo, yaani wanaburuta chambo cha bandia (sio yule samaki aitwaye chambo) nyuma ya boti, kwenye maziwa ya baridi wakitafuta trauti wakubwa, wanashusha chuma cha kilo 4 au 5 mpaka mita 30 chini, boti inatembea taratibu, baada ya muda linapanda dude hilo unabaki mdomo wazi. Mbinu ni nzuri na inafanya kazi kweli, ila ukiibeba kama ilivyo ukaja nayo Nyasa utakokota kutwa na utarudi mikono mitupu, kwa hiyo wakuu naomba tuelewane kwanza hapa maana ukishika hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Yule trauti wa maziwa ya Kanada ni samaki wa baridi, anapenda maji ya nyuzi 10 hivi, kwa hiyo jua likipasha maji ya juu yeye anashuka, na kule chini oksijeni anaikuta. Yule wa rekodi ya dunia kwa mshipi, kilo 32 na ushee, alitolewa Great Bear Lake mwaka 1995, ziwa ambalo sehemu kubwa ya mwaka ni barafu. Sasa njoo Nyasa. Kina kinafika mita 700, kwa Afrika linazidiwa na Tanganyika tu, lakini maji ya juu na ya chini huku kwetu hayachanganyiki, ukishavuka mita 200 na kitu oksijeni hakuna na samaki hakuna. Maji ya juu yana joto nyuzi 23 hadi 28 mwaka mzima. Na mbasa tunayemtaka sisi ni samaki wa maji ya juu, maisha yake ni kukimbizana na usipa, wale dagaa wa ziwa hili, kwa hiyo ukimtafuta mita 60 chini unatafuta mtu kwenye nyumba asiyokaa. Kazi yako yote iko kati ya uso wa maji na mita 15, basi.

Kwa nini Matema? Ukitoka Mbeya unashuka Tukuyu, unaelekea Kyela, unakata kwenda Ipinda mpaka unaliona ziwa, na pale upande wa mashariki Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Upande wa magharibi, kule mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo inakomwaga, ufukwe ni wa mchanga na kina kinaongezeka pole pole, maji yana tope hasa wakati wa mvua. Ila ukigeuka kuelekea Ikombe, kule kwa Wakisi wanaofinyanga vyungu, ukuta wa mlima unaendelea chini ya maji, ukiwa umbali mdogo tu kutoka kwenye mawe tayari chini yako ni kirefu sana. Faida yake ni kwamba unakokota kwenye maji marefu na masafi bila kwenda mbali na nchi kavu, ikitokea shida unakimbilia ufukweni. Mtu wa mtumbwi wenye injini ndogo atanielewa.

Kabla ya vifaa, watu. Ukifika ufukweni usianze kuulizia bei ya mtumbwi, salimia kwanza, "ugonile tata" kwa mzee wa Kinyakyusa inafungua mambo mengi kuliko hela, halafu mwambie unachotaka kufanya. Nahodha wa pale anajua usiku uliopita wavuvi wa usipa walikuwa wapi na taa zao, na hiyo ndiyo taarifa ya thamani kuliko kifaa chochote utakachobeba. Leseni ya uvuvi ulizia kwa afisa uvuvi wa wilaya Kyela, na watu wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe husika, wajue upo. Usiruke hilo.

Vifaa. Fimbo ya wastani, isiwe gongo, rili yenye uzi wa mita 200 au zaidi, uzi wa kusuka unaohimili kilo 10 unatosha, halafu mwishoni funga mita 3 au 4 za nailoni isiyoonekana maana maji ya upande wa Ikombe ni maangavu na mbasa ana macho makali. Waya wa chuma hauhitajiki, mbasa hana meno kwenye taya, yuko ukoo mmoja na ningu, meno yake yako kooni. Kati ya uzi na nailoni weka kile kipete kinachozunguka, bila kipete hicho, chambo kinachojizungusha kitausokota uzi mpaka uukate. Chambo chenyewe kifanane na usipa: chembamba, cha fedha, urefu wa kidole mpaka kidole na nusu, iwe kijiko cha bati linalong'aa au kisamaki cha plastiki chenye mdomo unaokifanya kiyumbe. Asubuhi na mapema au kukiwa na wingu mimi naweka chenye mgongo wa buluu iliyokolea, jua likiwaka nahamia fedha tupu. Rangi za waridi na kijani za kung'aa waachie trauti wao.

Muda wa kutoka ni saa 11 alfajiri, kabla wale wa taa hawajamaliza kuvuta nyavu. Usipa wamekusanyika pale usiku kucha kufuata mwanga, taa zikizimwa kundi linaanza kutawanyika na mbasa wanapita pembeni kuokota, kwa hiyo unakokota kuzunguka eneo lile kwa mbali, usiwapitie wenzako juu ya nyavu, waache watoe mali yao kwa amani. Kuanzia hapo mpaka saa 3 asubuhi ndio dhahabu. Jua likipanda sana samaki wanashuka kidogo, utawafuata kwa chubwi, yaani uzito wa kuzamishia chambo, kama nitakavyoeleza, na jioni kuanzia saa 11 wanapanda tena. Angalia ndege pia, ukiona wanapiga mbizi sehemu moja ujue usipa wamesukumwa juu, na aliyewasukuma ndiye unayemtaka.

Mwendo ndipo wengi wanapokosea. Trauti wa baridi anakokotewa taratibu, kilomita 3 kwa saa hivi, mbasa ni mkimbiaji, chambo cha kobe hakigusi. Nenda kilomita 5 mpaka 6 kwa saa, simu yenye GPS itakuonyesha. Kama injini haikubali kushuka hapo funga ndoo yenye tundu nyuma ya boti iburute, itakupunguza. Halafu kabla hujaachia uzi, tumbukiza chambo pembeni ya boti ukitazame kwa macho yako mwenyewe: kikiyumba kulia kushoto mwendo ni sawa, kikizunguka kama feni punguza, kikilala tu kama kijiti ongeza. Fanya hivyo kwa kila chambo, kila kimoja kina mwendo wake. Achia mita 40 mpaka 50 nyuma kwa sababu injini inatisha samaki wa juu, na fimbo ya pili achia mita 30 ili zisikutane.

Na usiende mstari ulionyooka! Enda kwa kupinda, kama nyoka, kulia kidogo kushoto kidogo. Boti ikipinda kulia, chambo cha kushoto kinaongeza mbio na kupanda, cha kulia kinapoa na kuzama kidogo, kwa hiyo samaki akigonga wakati wa kupinda unapata jibu palepale, akigonga cha nje anataka mbio zaidi, akigonga cha ndani anataka pole au kina zaidi, na wewe unarekebisha zote kufuata alichosema. Samaki anayefuata chambo bila kula mara nyingi anaamua pale kinapobadilika ghafla.

Sasa chubwi. Zile mashine za kushushia chuma za Wamarekani ni ghali na kwa mita 10 huzihitaji. Tafuta chubwi la kilo 2 au 3, la risasi au hata chuma chakavu cha gereji, lifunge kwenye kamba ya manila uliyoiwekea fundo kila mita. Kwenye kamba, sentimita 50 juu ya chubwi, funga kibanio cha nguo. Achia kwanza chambo mita 20 nyuma, halafu chukua uzi wako uubane kwenye kibanio, shusha vyote pamoja huku ukihesabu mafundo na fimbo ikitoa uzi taratibu, ukifika kina unachotaka funga kamba kwenye boti, kaza rili mpaka fimbo ipinde. Samaki akigonga uzi unachomoka kwenye kibanio, fimbo inanyooka ghafla kisha inainama tena, na kuanzia hapo unapambana na samaki peke yake bila uzito. Kibanio kikiwa kigumu sana kizungushie kipande cha mpira wa baiskeli sehemu ya kubana, uzi hautakatika. Kumbuka kamba hainyooki wima boti ikitembea, ikilala nusu, yaani nyuzi 45, mafundo 10 ni kama mita 7 tu za kina. Anza na mita 5, baada ya nusu saa bila kitu shuka 8, halafu 12.

Akishika usivute kwa pupa. Punguza mwendo lakini usizime injini mara moja, uzi ukilegea ameondoka. Breki ya rili iwe laini kiasi cha kuuvuta uzi kwa mkono bila kujikata, mwache akimbie, akitulia ndio unakusanya. Mtoe kwa wavu wenye mpini, kichwa kwanza.

Kuhusu upepo siwezi kupita haraka. Kuanzia Mei mpaka Agosti mwera unavuma kutoka kusini, na ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, mawimbi yanakua njia nzima na sisi wa Matema ndio tuko mwisho wa njia. Ukiona kwa mbali kusini mstari mweusi na povu, kunja kila kitu urudi, hata kama fimbo imeinama. Kila mtu avae laifu jaketi muda wote, sio kulikalia. Miezi mizuri ni Septemba mpaka Novemba, ziwa limetulia na maji ni safi.

Mvua zikianza mbasa wakubwa wanajikusanya kwenye midomo ya mito ili wapande kwenda kutaga kwenye changarawe huko juu. Ni rahisi mno kuwapata wakati ule, na ndiyo sababu wamepungua, nyavu zinaziba mdomo wa mto na mama wote wanaishia pale. Tafadhali msikokote mbele ya Lufilyo wala Mbaka kipindi hicho, na mamba pia wapo. Ukimpata mwenye tumbo la mayai huku ziwani, lowanisha mikono, mtoe ndoana akiwa bado majini, mpime kwa alama ulizochora kwenye fimbo, piga picha moja, mshike mkiani akielekea mbele mpaka apige mkia mwenyewe aondoke.

Dume unayemchukua mpasue palepale, toa matumbo, weka kwenye barafu uliyonunua Kyela mjini kabla ya kushuka, joto la pale halisubiri. Nyumbani mchanje mistari ya karibu karibu pande zote mbili mpaka ukaribie mfupa ndipo ukaange, vile vimiba vidogo vinakauka na watoto wanakula na wali wao bila shida.