Jalidi kwenye vinyungu: mwagilia mchana, usingoje alfajiri

Kati ya Juni na Agosti, mkulima wa viazi mviringo kwenye vinyungu (mashamba ya bondeni ya kiangazi) vya Makete, Njombe au Mufindi anaweza kulala shamba likiwa kijani, akaamka na kukuta majani yamelegea kama mboga iliyotoka kwenye maji ya moto. Ikifika saa sita mchana yamekuwa meusi. Tunasema baridi imeunguza, lakini kilichotokea ni jalidi: maji yaliyomo ndani ya mmea yameganda.

Maji safi huganda kwenye nyuzi 0 za Selisiasi, ila kila kitu kina kiwango chake. Mafuta ya mawese huganda chupani hata kwenye nyuzi 15. Maziwa hungoja hadi kama nusu nyuzi chini ya sifuri, kwa sababu yana sukari na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Utomvu wa mmea nao uko hivyo hivyo: jani la kiazi huumia likifika nyuzi 1 hadi 3 chini ya sifuri. Barafu huanzia nje ya seli, kisha hunyonya maji ya ndani hadi seli inakufa. Kabichi huvumilia zaidi. Ngano changa pia, lakini ikishachanua usiitegemee.

Utabiri ukisema nyuzi 3 juu ya sifuri, usipumzike. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye hewa, juu kidogo kuliko kimo cha kiuno, ilhali usiku usio na mawingu wala upepo ardhi na majani hupoteza joto kwenda angani na kuwa baridi kuliko hewa hiyo. Tena hewa baridi ni nzito, hutelemka kutoka mlimani na kutuama bondeni, na bondeni ndiko viliko vinyungu. Ndiyo maana shamba la kiangazi lenye maji mazuri huungua, na la jirani aliye juu kidogo mteremkoni linapona. Kama upande wa chini wa shamba lako kuna ua mnene wa miti, fungua njia hewa ipite. La sivyo umejijengea bwawa la baridi.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa ndipo wengi wanapopoteza nafasi. Udongo mkavu uliotifuliwa una hewa nyingi, na hewa haihifadhi joto. Udongo wenye unyevu hadi kina cha kama sentimita 30 hulipokea joto la jua mchana na kulirudisha juu usiku. Kwa hiyo ukiona siku kavu, anga lisilo na mawingu, na upepo umekufa jioni, shamba liwe limeshamwagiliwa mchana huo au siku moja kabla. Palizi ya kutifua iahirishe. Matandazo makavu kati ya mistari yasogeze kando, maana yanalizuia joto la ardhi lisifike kwenye majani. Kitalu ni suala lingine: huko unafunika miche yenyewe kwa nyasi au turubai kabla jua halijazama, ukiinua kifuniko kwa vijiti kisiguse majani, na unafunua asubuhi.

Wapo wanaoamka saa kumi na moja alfajiri na ndoo, wananyunyiza mara moja na kurudi kulala. Hiyo ni hasara. Ni kweli kwamba kila kilo ya maji inapoganda hutoa joto la kilojuli 334 hivi, na ndiyo siri ya wenye mashine za kunyunyizia. Lakini kilo moja ikigeuka mvuke huchukua joto zaidi ya mara saba ya hilo. Ukinyunyiza kidogo ukaacha, maji yanayokauka huzidi kulipoza jani. Mwenye mashine anaanza kabla ya kuganda na hasimami hadi barafu iyeyuke yenyewe baada ya jua kuchomoza. Kama maji hayatoshi kufika huko, afadhali usianze.

Moshi wa matairi na majani mabichi mimi siupendekezi. Hauzuii joto la ardhi kupotea, na unaumiza mapafu ya watoto.

Viazi vikishaungua, usiving'oe. Shina lililofunikwa na tuta mara nyingi lina vichipukizi hai. Ngoja siku saba hadi kumi uone. Hii ni faida mojawapo ya kupandishia udongo mapema. Usikimbilie kumwaga yuria kwenye mmea usio na majani. Viazi vilivyoganda ardhini huwa laini na hutoa maji, hivyo vitenge wakati wa kuvuna, kwani kiazi kimoja kibovu kitaozesha gunia zima.

Kwenye parachichi, miti ya mwaka wa kwanza na wa pili ijengewe kibanda cha nyasi. Ikiungua, usikate matawi mapema; subiri machipukizi yaonyeshe mahali uhai ulipoishia, kisha kata hapo.

Na mabomba usiyasahau. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na bomba la plastiki lililolazwa juu ya ardhi likiwa limejaa hupasuka. Lifungue jioni maji yatoke, au lifukie.