Somo: Kukamilisha Seti ya Timu Moja ya Kadi za Zamani za Besiboli (Mfano: Brooklyn Dodgers 1956)

Wanachama wapya wengi wa kikundi chetu wanaulizia kadi za zamani za besiboli, na karibu wote wameshasikia habari ya kadi ya mchezaji Mickey Mantle iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Mwezi Agosti 2022 kadi moja ya aina hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, na tangu hapo watu wanaamini kwamba huu ni mchezo wa matajiri. Mimi naukusanya kwa mshahara wa kawaida, na raha ninayoipata sidhani kama ingeongezeka nikiwa na hiyo kadi ya Mantle sandukuni. Siri yake ni kuchagua timu moja, mwaka mmoja, kampuni moja, kisha kutafuta kila kadi ya timu hiyo mpaka iishe.

Seti nzima ya Topps ya mwaka 1956 ina kadi 340, mbali na kadi mbili za orodha zisizo na namba. Dodgers ndani yake ni kadi ishirini na kitu tu. Hizo mtu anazimaliza.

Hatua ya 1: Chagua timu yenye kisa

Usichague timu kwa bei. Chagua ile ambayo ukimaliza utaweza kukaa na mtoto wako mkapitia ukurasa baada ya ukurasa na kila kadi ikawa na la kusema.

Dodgers walikuwa timu ya Brooklyn, New York. Walikuwa wameshafungwa na Yankees kwenye fainali za World Series mara tano: 1941, 1947, 1949, 1952 na 1953. Mwaka 1955 wakakutana nao tena, wakafikishana mpaka mechi ya saba, tarehe 4 Oktoba. Raundi ya sita Dodgers wako mbele 2–0, Yankees wana watu wawili kwenye besi na hakuna aliyetolewa. Anaingia Yogi Berra, anaupiga mpira unaelekea pembeni kabisa upande wa kushoto. Sandy Amoros wa Dodgers, Mcuba aliyeingizwa uwanjani raundi hiyo hiyo, anakimbia mpaka karibu na ukuta, ananyoosha mkono wa kulia na kuudaka. Hapo hapo anamrushia mwenzake Pee Wee Reese, Reese anamrushia Gil Hodges kwenye besi ya kwanza, na mkimbiaji wa Yankees, Gil McDougald, anakutwa bado hajarudi kwenye besi hiyo. Wawili wametoka kwa mpigo mmoja. Johnny Podres, mrushaji wa Dodgers, kijana wa miaka 23, akaendelea kurusha mpaka mwisho na matokeo yakabaki 2–0. Ndilo taji pekee la World Series ambalo Brooklyn walilipata kabla timu haijahamia Los Angeles mwaka 1958.

Kadi za 1956 zilitoka miezi michache tu baada ya siku hiyo. Amoros ni namba 42, Reese ni 260, Hodges ni 145, Podres ni 173. Ziweke hizo tatu za kwanza kwa mstari na utakuwa na mpira ule ule ukipita kutoka mkono hadi mkono.

Sasa tazama hili, maana ndiyo sababu nimeandika somo lote hili. Kadi mbili za bei kubwa kuliko zote katika timu hii ni Jackie Robinson, namba 30, na Sandy Koufax, namba 79. Wote wawili hawakucheza mechi ile ya saba. Robinson alipumzishwa, na Koufax alikuwa bado kijana asiyepewa nafasi. Anayenunua nyota peke yao atakuwa na kadi nzuri sana, lakini siku ya ushindi haimo. Siku ya ushindi imo kwenye kadi ya Amoros, na hiyo ukiikuta imechakaa kidogo unaipata kwa dola chache.

Hatua ya 2: Andika orodha na kanuni zako

Kabla ya kutoa hata senti, chukua daftari au jedwali la kompyuta, uandike namba, jina, hali ya kadi, bei uliyolipa. Halafu amua mwenyewe nini kinahesabika. Mimi namhesabu kocha Walter Alston (namba 8), na naihesabu kadi ya picha ya pamoja ya timu (namba 166). Mwaka 1956 ndiyo mara ya kwanza Topps kuweka kadi za picha ya timu ndani ya seti yao kuu, kwa hiyo kuiacha ni kuacha sehemu ya historia.

Kadi namba 1 hadi 180 zilichapwa kwa migongo ya aina mbili, mweupe na wa kijivu. Wako wanaotafuta zote mbili. Kwa anayeanza, mgongo wowote unatosha. Ukitaka kuongeza ugumu, ongeza baadaye.

Hatua ya 3: Amua hali ya kadi, kisha ushikilie hapo

Hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa mfukoni. Kadi ileile inaweza kutofautiana bei mara kumi na zaidi kwa sababu ya pembe nne tu. Vitu vya kuangalia ni pembe (kali au zimeviringika), mikunjo, picha imekaa katikati au imeegemea upande, na madoa. Kadi hizi ziliuzwa ndani ya pakiti pamoja na bazoka (chingamu), kwa hiyo migongo mingine ina doa la bazoka au la nta ya karatasi ya pakiti.

Ushauri wangu ni kadi ya hali ya kati: pembe zimelainika kwa kushikwashikwa, rangi bado imeng'aa, haina mkunjo unaokata uso wa mchezaji. Kadi ya hivyo ilichezewa na mtoto mwaka 1956, na haitakufilisi. La muhimu zaidi ni kwamba zote zifanane. Kadi moja inayometameta katikati ya ishirini zilizochoka inaharibu ukurasa mzima, na zilizochoka nazo zinaonekana mbovu kuliko zilivyo.

Hatua ya 4: Anza kununua

Anza na fungu. Wauzaji wengi eBay na kwenye maonyesho ya kadi wanauza kadi za wachezaji wa kawaida kwa mafungu, na hapo unaweza kupata nusu ya orodha kwa siku moja. Utakazopata mara mbili weka pembeni za kubadilishana.

Kisha geukia nyota wa bei ya kati: Duke Snider (150), Roy Campanella (101), Reese, Hodges. Kumbuka kwamba kadi za wakati ule hazikutolewa zote siku moja. Zilitoka kwa awamu kuanzia majira ya kuchipua, na awamu ya namba 181 hadi 260 ya mwaka 1956 ni adimu kidogo kuliko nyingine. Ndiyo maana Reese, Carl Furillo (190), Carl Erskine (233) na Don Newcombe (235) wanaweza kukugharimu kuliko ulivyotegemea. Hodges naye bei yake imechangamka tangu alipochaguliwa, Desemba 2021, kuingia kwenye jumba la heshima la besiboli la Cooperstown, akiwa ameshafariki tangu 1972.

Robinson na Koufax wawekee akiba polepole. Usiwanunue kwa pupa kwa sababu tu nafasi zao ziko wazi. Hizo nafasi mbili zitakufanya ufungue orodha kila jioni, na mimi nakiri kwa moyo mweupe kwamba kipindi hicho cha kusubiri ndicho nilichokifurahia kuliko vyote.

Hatua ya 5: Kagua, usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Nunua kioo cha kukuzia, hata cha bei rahisi. Ukiiweka kadi halisi ya 1956 chini yake, picha itaonekana ni vidoti vya rangi vilivyopangana, lakini herufi nyeusi zitakuwa wino mtupu, mzito, wenye kingo safi. Kadi iliyonakiliwa ilipigwa picha nzima, kwa hiyo hata ndani ya herufi utakuta vidoti. Ukiviona humo, rudisha kadi.

Pili, pima. Kadi ya Topps ya 1956 ni takriban sentimita 6.7 kwa 9.5. Ikipungua na pembe zikawa kali kupita kiasi kwa umri wake, kuna mtu aliikata ukingo ili ionekane mpya. Kadi iliyokatwa thamani yake inaporomoka, hata kama ni ya Robinson.

Na mwulize muuzaji akupe picha ya mgongo. Asiyetaka kuonyesha mgongo, achana naye.

Hatua ya 6: Hifadhi vizuri

Mwaka 1957 Topps walipunguza ukubwa wa kadi kuwa kama sentimita 6.4 kwa 8.9, na ndio ukubwa unaotumika mpaka leo. Kwa hiyo kurasa za albamu zenye mifuko 9, zinazouzwa kila duka, hazifai kwa 1956: ukilazimisha, utakunja pembe. Tafuta kurasa za mifuko 8, zisizo na plastiki ya PVC, zilizotengenezwa kwa kadi kubwa za miaka ya 1952 hadi 1956. Kadi hizi zimelala kwa ubavu, picha kubwa ya uso upande mmoja, mchezaji akiwa kazini upande wa pili, saini iliyochapwa juu yake, na mgongoni vibonzo vitatu vinavyosimulia maisha yake. Ukiugeuza ukurasa wa kwanza uliojaa, utaelewa kwa nini nawaambia msizifungie kwenye sanduku.

Albamu isimame wima kabatini, mbali na jua na mbali na unyevu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Columbus, Ohio: Shikamoo mwalimu. Nina dola 20 tu za kuchezea kwa mwezi, na hao akina Robinson siwawezi. Nifanyeje?

Marahaba. Chagua Kansas City Athletics wa 1956. Timu ilikuwa ndiyo kwanza imehamia pale kutoka Philadelphia mwaka 1955, haikuwa na nyota wa kutisha bei, lakini ina watu wazuri kama Vic Power wa Puerto Rico. Kwa dola 20 kwa mwezi utaimaliza bila kukopa, na utakuwa umejifunza kukagua kadi kabla ya kugusa za bei mbaya.

Mwanachama, Minneapolis: Kaka, mwanangu amepata kadi ya Clem Labine wa Dodgers ina alama za penseli mbele. Anataka kuifuta na raba. Nimruhusu?

Dada yangu, mzuie. Raba inaondoa penseli pamoja na mng'ao wa karatasi, na alama ya kusugua inaonekana ukiinamisha kadi kwenye mwanga. Aiache hivyo hivyo, na mwambie huenda aliyeandika alikuwa mtoto wa umri wake. Akija kupata nyingine safi, hiyo ya penseli abaki nayo kama ya ziada.

Mwanachama, Toronto: Je, nizipeleke kwenye kampuni za kupima kadi, PSA au SGC, zikapewe daraja na kufungwa kwenye plastiki ngumu?

Robinson na Koufax, ndiyo, hasa kama unanunua kwa mtu usiyemjua, na bora ununue zilizokwisha kupimwa. Za kawaida usihangaike, ada ya kupima itazidi bei ya kadi. Halafu iliyofungwa haiingii kwenye albamu. Mimi nyota wangu wawili wamo kwenye plastiki zao, na kwenye mifuko yao ndani ya albamu nimeweka karatasi yenye namba na jina.

Mwanachama, Dar es Salaam: Naomba kuuliza, mbona kwenye seti ya 1957 simuoni Jackie Robinson, wakati Koufax na Snider wapo?

Swali zuri sana, kaka. Desemba 1956 Dodgers walimuuza kwa New York Giants, mahasimu wao wakubwa. Hakwenda, alistaafu. Kwa hiyo namba 30 ya 1956 ndiyo kadi yake ya mwisho ya Topps akiwa mchezaji. Mtu aliyefungua mlango kwa wachezaji weusi tarehe 15 Aprili 1947 anamalizia humo, kwenye seti hii, na hilo ni sababu nyingine ya kuwa na subira naye.

Mwanachama, Columbus, Ohio: Kadi namba 2 ni Warren Giles, rais wa National League, na Dodgers walikuwa ligi yake. Anahesabika?

Kwangu hapana, yeye ni wa timu zote za ligi hiyo. Ila kama utapenda kumtanguliza kwenye ukurasa wa kwanza, albamu ni yako.

Mwanachama, Houston: Mimi nimemaliza Dodgers 1956 mwezi uliopita, hongera zenu nazipokea mapema! Sasa niende wapi?

Hongera sana, tena sana. Rudi nyuma mwaka mmoja, 1955, mwaka wa taji lenyewe. Ugumu wake ni kwamba wakati huo wachezaji walikuwa wamegawanyika kwa mikataba kati ya kampuni mbili. Topps wana Robinson (50), Hodges (187), Snider (210) na kadi ya mwanzo kabisa ya Koufax (123). Campanella (22), Reese (37) na Newcombe (143) wako Bowman, kwenye zile kadi zilizochorwa kama televisheni ya mbao. Topps waliinunua Bowman mwaka 1956, na ndiyo maana seti uliyoimaliza ina wote pamoja. Ukianza na Bowman angalia kingo kwa makini, kwa kuwa ni za kahawia na kila mchubuko unatoa weupe. Kurasa zako za mifuko 8 zitazichukua kadi za kampuni zote mbili.